Paka wa Latvia na dagaa wa Mwaloni

*Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mpiga video za harusi, nakaa Igoma hapa Mwanza. Usiku wa tuzo za filamu za Oscar tuliamka vijana wanne tukajibana kwenye kibanda umiza cha jirani yetu, ambaye mwezi wa Ramadhani hafungi mpaka alfajiri. Tukaona paka wa katuni kutoka nchi inaitwa Latvia anabeba tuzo, na jamaa mmoja pale akasema filamu ile imetengenezwa kwa programu ya bure. Toka siku hiyo sijatulia. Ninayo filamu yangu ya dakika 34 ya akina mama wanaoanika dagaa, linki ya siri nimekutumia. Washikaji wengine wanasema niivute ifike saa moja na nusu niipeleke Oscar mwakani. Wengine wanasema niirushe YouTube siku ya Sabasaba watu waione. Wewe usiku ule uliuonaje? Na kweli mwakani sisi tuna nafasi?"*

Marahaba, mdogo wangu, nakujibu Juni 2025. Filamu yako nimeitazama mara mbili, ya kwanza kwenye simu nikisubiri kivuko pale Kamanga, ya pili nyumbani na spika kubwa. Nitaifikia. Ila kabla hujasoma mengine nina ombi la haraka: hiyo linki iache iwe ya siri hivyo hivyo. Usiirushe popote Sabasaba. Sababu ipo huko mbele.

Usiku ule nilikuwa macho kama nyie. Sherehe hiyo, ya 97, ilifanyika Jumapili tarehe 2 Machi 2025 kwenye ukumbi wa Dolby, Hollywood, ila kwa saa zetu ilishakuwa Jumatatu. Ilianza saa tisa usiku, majirani wakipasha daku, ikaisha karibu saa moja asubuhi, mitumbwi ya dagaa ikirudi Kirumba maana ilikuwa giza la mwezi. Kwangu mvua ilipiga, king'amuzi kikakata, na mshereheshaji, Conan O'Brien, akaganda mdomo wazi kwa dakika nzima. Mke wangu alisema hapo ndipo alipochekesha kuliko pengine pote.

Conan alikuwa mshereheshaji mzuri, kwa kweli. Los Angeles ilikuwa imetoka kuungua Januari, akawaita jukwaani watu wa zimamoto, ukumbi mzima ukasimama, kisha akawapa wasome vichekesho ambavyo yeye aliogopa kuvisema mwenyewe. Adrien Brody aliposhinda uigizaji bora wa kiume alihutubia dakika tano na sekunde arobaini, hotuba ndefu kuliko zote katika historia ya tuzo hizo, na muziki ulipoanza kumfukuza akauomba unyamaze. Kwenye harusi zako unawajua watu wa aina hiyo. Kwetu huwa ni baba mdogo wa bwana harusi. Brazil ilipata tuzo yake ya kwanza, ile ya filamu bora ya kimataifa. Hayo nayapita.

Nilichokaa nacho ni Sean Baker. Filamu yake *Anora* ilichukua tuzo tano, na nne kati ya hizo zilikuwa zake yeye binafsi: mtayarishaji wa filamu bora, mwongozaji, mwandishi na mhariri. Hakuna aliyewahi kubeba nne usiku mmoja kwa filamu moja. Walt Disney alibeba nne mwaka 1954, lakini kwa filamu tofauti. Mimi ni mhariri, kazi yangu ni kukaa gizani na kukata, kwa hiyo nilipomwona mtu anapanda kuchukua tuzo ya kukata picha zake mwenyewe nilipiga makofi peke yangu sebuleni. Gharama ya filamu ile inatajwa kuwa dola milioni 6. Hollywood hiyo ni hela ya chai. Kwetu ni zaidi ya shilingi bilioni 15.

Na najua unalotaka kuniambia, kila kijana mwenye simu ananiambia: huyu ndiye aliyetoa filamu mwaka 2015 aliyoipiga kwa iPhone. Ni kweli. Lakini hesabu vizuri. Usiku ule alikuwa na miaka 54, na *Anora* ilikuwa filamu yake ndefu ya nane.

Haya, paka.

Latvia ina watu wasiofika milioni mbili. Sensa ya 2022 iliukuta mkoa wa Mwanza na watu 3,699,872. Yaani sisi mkoa mmoja tunakaribia kuwazidi mara mbili nchi nzima, na ile ilikuwa Oscar yao ya kwanza. Hapo ndipo moyo wako ulipodunda, na haki yako. Programu ile, Blender, ni ya bure kweli, hata leo ukiwa na bando unaishusha kwenye kompyuta yako ya Igoma. Lakini jamaa wa kibandani alikupa nusu ya habari. Filamu hiyo ya paka, *Flow*, ilichukua zaidi ya miaka mitano na kula yuro milioni tatu na nusu hivi, ikishirikisha Latvia, Ufaransa na Ubelgiji. Cha bure kilikuwa programu. Na mwongozaji wake, Gints Zilbalodis, hakuanzia hapo: filamu yake ndefu ya kabla ya hiyo aliitengeneza peke yake kabisa, kuchora, kukata na muziki, zaidi ya miaka mitatu amejifungia.

Kuna kitu kingine pale ambacho ningependa ukitazame kuliko programu. Filamu ile haina neno hata moja. Paka analia kama paka, mbwa anabweka, maji yanajaa. Mtu wa Riga na mtu wa Buzuruga wanaielewa sawasawa bila sabtaito, yale maandishi ya tafsiri chini ya picha. Zilbalodis alijua kwamba lugha yake inazungumzwa na watu wachache, akaitafutia kona ya kupita. Wewe huna shida hiyo ya lugha, una nyingine, na nitakuonyesha iko dakika ya ngapi.

Uliniuliza pia pembeni, kwenye ujumbe wa sauti, ni nani hasa anaamua. Wenye kura ni wanachama wa Akademia, chama cha watu wa sinema kinachotoa Oscar, karibu elfu kumi, watu wa fani zenyewe. Kwenye kuteua, kwa sehemu kubwa kila fani inateua wa kwake: waigizaji wanateua waigizaji, wahariri wanateua wahariri. Kwenye kura ya mwisho wote wanapiga vipengele vyote, na anayepata nyingi anashinda, isipokuwa filamu bora. Hiyo ina hesabu yake, na wengi hawaijui ndiyo maana kila mwaka wanapigwa na butwaa.

Chukulia watu 100 pale soko la dagaa la Mwaloni wanachagua mtumbwi bora kati ya mitatu. Hawaandiki mmoja tu, wanaipanga: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Karatasi 40 zimeuweka mtumbwi mwekundu juu, 35 wa bluu, 25 wa kijani. Hakuna aliyevuka nusu. Basi wa kijani, wa mwisho, unatolewa, na zile karatasi zake 25 zinafunguliwa chaguo la pili. Ikiwa 20 kati yake ziliandika bluu, bluu inafika 55 na mwekundu umebaki 45. Uliotangulia umeshindwa, na si wizi. Maana yake ni kwamba filamu inayopendwa kwa kelele na wachache huku wengine wakiichukia hushindwa na filamu ambayo karibu kila mtu aliiweka ya pili au ya tatu. Usiku ule iliingia filamu moja yenye uteuzi 13, mwingi kuliko filamu yoyote isiyo ya Kiingereza tangu tuzo zianze. *Emilia Pérez*. Ikatoka na mbili.

Aprili 2025 Akademia ilitangaza kwamba mwanachama hatapiga kura ya mwisho kwenye kipengele mpaka awe ametazama filamu zote zilizoteuliwa humo. Ukisikia hivyo unajiuliza walikuwa wanafanyaje siku zote. Nami nilijiuliza.

Sasa nikueleze kitu ambacho umri wako haukukuwezesha kukiona. Mwanza imeshafika Oscar. Tarehe 5 Machi 2006 kwenye orodha ya dokumentari ndefu kulikuwa na filamu iliyopigwa hapa hapa, ya Mwaustria Hubert Sauper, kuhusu sangara, viwanda vya minofu na ndege za mizigo pale uwanjani kwetu. Jina lake la nje ni *Darwin's Nightmare*. Sisi tuliiita Mapanki, kwa ile mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishakatwa. Ilishindwa na filamu ya ndege wa barafuni, lakini huku ilikuwa imewasha moto. Rais Kikwete aliisema hadharani kwa ukali kwamba imelichafua taifa. Mjini watu walibishana mpaka kwenye daladala, na wengi wetu tulikuwa tukibishania filamu ambayo hatujaiona. Nakala zilikuwa za kunong'onezana. Mimi nilikuja kuiona kwenye CD iliyokwaruzika, chumba cha rafiki Mabatini, tukiwa tisa. Kuna picha nilizikubali na kuna hoja nilizikataa, hasa ile ya ndege za minofu kuleta silaha, ambayo niliona imeachwa ielee bila kufungwa. Lakini kilichoniuma kwa muda mrefu ni kingine. Waliokuwa wakiongea mle walikuwa watu wetu, mitaa ile ni ya kwetu, na hatukuwa na filamu hata moja ya kuiweka mezani ikamjibu.

Na haikuwa mara ya kwanza. Ukienda Musoma unalipita geti la Ndabaka, pale Serengeti inaponyoosha mkono mpaka karibu na ziwa. Dokumentari ya Mjerumani Bernhard Grzimek kuhusu mbuga hiyo ilishinda Oscar mwaka 1960. Mwanawe Michael alikufa kwa ajali ya ndege huko huko Januari 1959. Halafu 2018 jina la Kiswahili kabisa, *Watu Wote*, likasomwa kwenye walioteuliwa wa filamu fupi: habari ya basi lililoshambuliwa kaskazini mwa Kenya, Kiswahili na Kisomali tupu. Iliongozwa na Mjerumani, kazi ya wanafunzi wa chuo cha Hamburg.

Silalamiki kwamba wageni wanapiga filamu kwetu. Wapige. Ninachotaka uone ni kwamba kwenye tuzo hizi kuna mwenye uso na kuna mwenye karatasi ya kuwasilisha filamu, na wanaweza wasiwe mtu mmoja. Angalia kipengele cha filamu ya kimataifa: Afrika imekishinda mara tatu tu. Algeria, kwa filamu ya Mgiriki Costa-Gavras. Côte d'Ivoire, kwa filamu ya Mfaransa Jean-Jacques Annaud. Na Afrika Kusini na *Tsotsi*, ya Gavin Hood, mwenyeji, usiku ule ule wa 2006 ambao Mapanki ilikuwa kwenye orodha. Kinachotuma ni nchi. Kwa Oscar za 2025 Ujerumani ilimtuma Mohammad Rasoulof, Muirani aliyeikimbia serikali yake, akateuliwa kwa jina la Ujerumani.

Kwa hiyo twende kwenye karatasi. Nitakaa hapa kidogo, uvumilie.

Kwa filamu ndefu ya kimataifa, kanuni za Oscar za 2026 zinasema kila nchi inatuma moja tu, iliyochaguliwa na kamati inayotambuliwa na Akademia. Lazima zaidi ya nusu ya maongezi yasiwe Kiingereza. Nigeria ilituma filamu yake ya kwanza kabisa mwaka 2019, *Lionheart*, ikaondolewa kwa sababu karibu yote ilikuwa Kiingereza. Kwako hilo si tatizo, Kiswahili na Kikerewe vyote vinahesabika. Kisha iwe imeonyeshwa ukumbi wa sinema wa biashara, watu wakikata tiketi, siku saba mfululizo, na kwa awamu ya Oscar za Machi 2026 ni kati ya 1 Oktoba 2024 na 30 Septemba 2025. Kibanda umiza hakihesabiki, hata kikijaa. Tanzania imeshatuma: mwaka 2001 *Maangamizi*, na mwaka 2022 *Vuta N'Kuvute* ya Amil Shivji, iliyotoka kwenye riwaya ya Adam Shafi. Haikuteuliwa, ila njia iliipita kwa miguu yake, kwanza tamasha la Toronto, kisha huku kwingine. Mtu akikuambia haiwezekani, mwambie imeshafanyika mara mbili.

Ila wewe usipite huko. Una dakika 34. Kwa Akademia filamu fupi ni isiyozidi dakika 40, majina ya mwisho yakiwemo. Una dakika sita za kupumua, na washikaji wako wanataka uivute mpaka 90! Ukiivuta utakuwa umetoka mlango mwembamba lakini wazi, ukaenda kujipanga kwenye mlango ambao nchi nzima inasukumana kuingia. Na utaivuta kwa nini? Dagaa wakianikwa dakika 90 hata mimi nitalala.

Filamu fupi haitumwi na nchi. Inafuzu yenyewe, kwa kuonyeshwa siku saba ukumbini Marekani, ambako hatuna ubavu, au kwa kushinda tuzo iliyotajwa kwenye tamasha lililo kwenye orodha ya Akademia. Durban ni mojawapo ya matamasha yanayofuzisha, ila si lazima kwa kila kipengele. Soma masharti ya kipengele chako, dokumentari fupi, si cha mwenzio. Na hapa ndipo penye ile Sabasaba yako: filamu fupi ikirushwa kwa umma mtandaoni au kwenye televisheni kabla ya kufuzu, imejitoa. Nimeona kazi nzuri tatu za vijana wa Kanda ya Ziwa zikifa hivyo, zimekusanya watazamaji elfu mbili YouTube, pongezi nyingi, basi. Watu wako waonyeshe ukutani, tundika shuka pale pale Mwaloni. Hiyo hainyimi kitu.

Sasa filamu yenyewe.

Dakika ya sita, ile picha ya mama wa kitenge cha kijani anatupa dagaa kwenye wavu na wanaangukia kama sarafu, nimeirudia mara nyingi. Hukusogeza kamera. Ulikaa. Video za harusi zimekufundisha kusubiri mtu ajisahau, na hilo halifundishiki darasani. Pia ulivyoanza bila muziki wala sauti nzito ya kutusimulia kwamba Ziwa Victoria ni la pili kwa ukubwa duniani kwa maji baridi, Mungu akubariki.

Sauti lakini. Ulitumia maikrofoni ya kamera, na pale Mwaloni upepo wa mchana unatoka ziwani kama mtu anapuliza moja kwa moja kwenye sikio langu. Picha mbovu watu huisamehe, wataita ni staili. Sauti mbovu inawatoa ukumbini. Nenda ukanunue maikrofoni mbili za kubana kifuani, na hizo zifunike na manyoya. Enda saa kumi na mbili asubuhi, upepo wa ziwa haujaamka. Na kila unapopiga, kabla hujafungasha, waombe watu wanyamaze dakika moja urekodi ule ukimya wa mahali: jenereta la mbali, kunguru, maji kwenye mbao. Mhariri wako atakushukuru, na kwa kuwa mhariri wako ni wewe, utajishukuru.

Wimbo wa mwisho utoe. Najua ni mtamu, na mke wangu aliuimba. Mimi iliwahi kunikuta: tamasha moja la mji wa pwani liliikubali filamu yangu, nikashona na shati, wiki tatu kabla wakaniandikia wanataka barua ya ridhaa ya wimbo wa sekunde arobaini. Sikuwa nayo. Mwenye wimbo nilimpata baada ya tamasha kwisha, na alikuwa tayari kunipa bure. Shati ninalo bado. Mtafute kijana wa zeze au litungu akupigie kitu chake, muandikishane, kila mmoja abaki na nakala.

Karatasi nyingine ni za kibali cha Bodi ya Filamu, kwa ile sheria ya 1976, na za ridhaa za hao akina mama. Wasomee kwa sauti kabla hawajatia dole. Waambie wazi kwamba sura zao zinaweza kuonekana Durban au Los Angeles. Mmoja akikataa, mwondoe, hata kama ndiye wa kitenge cha kijani.

Na sabtaito. Umetafsiri Kiswahili vizuri, sentensi fupi, zinasomeka. Lakini kila mama anapoingia Kikerewe umeandika kwenye mabano "anaongea kilugha". Mara tano nimehesabu. Mdogo wangu, hapo ndipo penye ile shida niliyokutajia. Mama anaongea mambo yake, na wewe wa kwao unamwambia mtazamaji kwamba hayo hayana haja ya kueleweka.

Mwakani. Niwe mkweli: kwa tarehe 15 Machi 2026 wewe hutakuwemo, na usimruhusu mtu akuuzie ndoto hiyo kwa laki mbili ya "kuwasilisha". Hesabu ya matamasha haikupi muda. Awamu inayofuata, inawezekana ukagonga hodi. Katikati kuna milango ya karibu ambayo si ya aibu. Jahazi, tuzo ya tamasha la filamu la ZIFF pale Zanzibar. Na tuzo za Africa Magic kule Lagos, ambazo Machi 2016 ziliwapa ushindi Elizabeth Michael, Lulu wetu, na Single Mtambalike, huyu kwa kipengele cha Kiswahili. Niliona tofauti mwezi ule ule: watu waliokuwa wakiziita bongo muvi takataka wakaanza kuuliza wapi zinapatikana.

Kwa wakubwa, nikupe ubashiri wangu, Machi 2026 ikifika unicheke. Mimi naiwekea *Sinners* ya Ryan Coogler, iliyotoka Aprili 2025: ina muziki, ina hadhira iliyolipa tiketi, na ina Michael B. Jordan mara mbili, maana anacheza pacha. Wanasema filamu ya kutisha haipendwi na wazee wa Akademia. Kwa hesabu ile ya mitumbwi, nadhani itakuwa chaguo la pili la watu wengi sana. Kwenye kimataifa mtazame Jafar Panahi, Muirani aliyewahi kufungwa na kuzuiwa kupiga filamu, aliyebeba Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la Cannes, Mei 2025. Iran haitamtuma. Filamu yake imeshirikisha Ufaransa na Luxembourg, kwa hiyo uliza ni nani atakayeshika karatasi. Na kuanzia Oscar za 2026 kuna kipengele kipya, cha anayechagua waigizaji. Kwa Bongo kazi hiyo hufanywa na prodyuza kwenye kundi la WhatsApp, nami nina hamu ya kuona wenzetu wanaipimaje. Kuhusu hizi programu za akili bandia ulizoniuliza, Aprili 2025 walisema kuzitumia hakukusaidii wala hakukuharibii. Wanatazama mchango wa binadamu. Kwa dagaa huzihitaji.

Mkiamka tena, mjue ni saa nane usiku kuamkia Jumatatu tarehe 16 Machi 2026, si saa tisa. Wamarekani watakuwa wamesogeza saa zao mbele wiki moja kabla. Ramadhani itakuwa haijaisha, jirani yenu atakuwa wazi.

Nimebaki na swali moja nami. Dakika ya 19, yule bibi aliyeketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, unamuuliza kwa nini bei ya dagaa imeshuka, anatazama ziwani muda mrefu, halafu anasema kitu kifupi kwa Kikerewe na wote waliomzunguka wanaacha kufanya kazi. Nimevaa hedifoni nikasikiliza mara nne. Maneno mawili ya kwanza nimeyapata, yaliyobaki upepo umeyameza, na chini umeandika anaongea kilugha. Alisema nini?